Wimbo wa Duara

Sahani ya santuri ya zamani ilikuwa kitu kizito, tena chepesi kuvunjika. Ukiiangusha, basi, imekwisha. Upande mmoja ulichukua wimbo wa dakika tatu hivi. Halafu sindano ilifika karibu na katikati ikaanza kukwaruza, na mtu mmoja alipaswa kuinuka aigeuze. Kwa hiyo wimbo wowote uliotaka kuingia humo ulipaswa kusema neno lake upesi, kama mtu aliyepewa nafasi ya kusema barazani wakati jua linakuchwa.

Kati ya sahani hizo iko moja tunayotaka kuwasimulia wasomaji wetu. Iliimbwa mjini New York, huko Marekani, tarehe 6 Mei 1935. Waimbaji walikuwa watu watatu wa jamaa moja, watu wa mashamba: A.P. Carter, na Sara, na Maybelle. Sara alikuwa ameolewa na A.P.; Maybelle alikuwa mke wa mdogo wake A.P., na tena binamu yake Sara. Jina la wimbo kwa Kiingereza ni Can the Circle Be Unbroken. Kwa lugha yetu ni kama kuuliza: Je, duara laweza kubaki zima? Duara hilo ni jamaa, watu wa nyumba moja waliozoea kukaa kuzunguka moto mmoja. Mama amekufa, pengo limeingia. Je, iko siku watakapokaa tena wote, hata mmoja asikosekane?

Wimbo huo umekwisha zunguka dunia nzima, na siku hizi mtu ausikia hata katika simu ya mkononi. Lakini wengi wauimbao hawajui jambo hili: siku ile walipouimba New York, duara lao wenyewe lilikuwa limekwisha katika, na wote watatu walilijua.

Tuanze mbali kidogo.

Kwao palikuwa Maces Spring, katika jimbo la Virginia, chini ya mlima mrefu uitwao Clinch. Bonde lao laitwa Poor Valley, yaani Bonde la Umaskini, na jina hilo halikudanganya. A.P., aliyezaliwa mwaka 1891, alikuwa mtu wa kutembea. Aliuza miche ya miti ya matunda, akizunguka toka nyumba hadi nyumba. Mikono yake ilikuwa na mtetemo tangu utoto, na sauti yake pia ilitetemeka kidogo. Katika safari hizo alivuka mlima akamkuta binti mmoja, Sara Dougherty, aliyekuwa na sauti nzito kuliko desturi ya wanawake, sauti iliyonyoka pasipo mapambo. Sara alikuwa amefiwa na mama yake akiwa mtoto mdogo, akalelewa na mjomba na shangazi. Msomaji alishike neno hili, kwa maana litarudi. Walioana tarehe 18 Juni 1915.

Maybelle alikuja baadaye. Alizaliwa mwaka 1909, na mwaka 1926 akaolewa na Ezra Carter, mdogo wake A.P. Basi nyumba mbili zikawa na nyimbo. Mchana kazi ya shamba na ya jiko, jioni Sara huweka mapajani chombo chake cha nyuzi nyingi, mfano wa zeze pana lenye vibao vya kubonyeza, Maybelle hushika gitaa, A.P. huingiza sauti ya chini pale apendapo. Twasema “apendapo”, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Hata katika sahani zao msikilizaji ataona: mara A.P. anaimba, mara amenyamaza, mara aingia katikati ya mstari kama mtu aliyekuwa dirishani akitazama nje, akakumbuka kazi. Wakubwa wa kwaya zetu wanawajua waimbaji wa namna hiyo, na wamekwisha choka kuwaonya.

Mwaka 1927 bwana mmoja jina lake Ralph Peer, aliyetumwa na kampuni ya Victor, alifika katika mji wa Bristol, ambao barabara yake kubwa ndiyo mpaka kati ya Virginia na Tennessee. Alipanga ghorofa katika nyumba ya biashara ya kofia, akatundika mablanketi ukutani ili sauti zisirudi, akaita watu wa milimani waje kuimba. Sauti zilichorwa katika sahani ya nta laini. Jamaa ya Carter walitoka kwao kwa gari la Ezra, mwendo wa maili 25 hivi kwa njia mbaya na joto la Agosti. Sara alikuwa na mtoto wa kunyonya. Maybelle, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa na mimba kubwa. Husimuliwa kwamba Ezra hakupenda mkewe aende katika hali ile, mpaka A.P. alipoahidi kumpalilia shamba lake la mahindi. Tarehe 1 na 2 Agosti waliimba nyimbo sita, wakalipwa dola 50 kwa kila wimbo, na kuahidiwa nusu senti kwa kila sahani itakayouzwa. Kisha wakarudi kwao, kwenye mahindi.

Siku mbili baadaye, katika chumba kile kile, aliingia kijana mwingine aitwaye Jimmie Rodgers. Huyo jina lake lilifika hata kwetu Afrika. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka nchi nyingi akikusanya nyimbo zetu, aliwakuta Wakipsigis wa Kenya wakiimba wimbo juu ya “Chemirocha”; kumbe, ndiye Jimmie Rodgers, ambaye sauti yake ilikuwa imewafikia kwa gramofoni, nao wakamfanya kuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu, nusu mnyama. Twayataja hayo ili msomaji asidhani kwamba mambo ya nyumba ile ya kofia yalikuwa ya Wamarekani peke yao.

Nyimbo zilipendwa. Mwaka 1928 waliitwa Camden, katika jimbo la New Jersey, wakaimba Keep on the Sunny Side na Wildwood Flower. Katika huo wa pili watu walisikia namna ya Maybelle ya kupiga gitaa: kidole gumba kinaimba wimbo wenyewe kwenye nyuzi nene, na kidole kingine kinapapasa nyuzi nyembamba juu yake, kama mwanamke atwangaye na kuimba kwa pamoja. Kabla yake gitaa katika nyimbo za milima ile lilikuwa mara nyingi la kusindikiza tu. Sisi tuliokua tukisikia gitaa za Katanga hatukuliona jambo hili kuwa geni. Mwenda Jean Bosco, aliyeimba “Masanga” mbele ya mashine ya huyo huyo Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, naye alilifanya gitaa moja liseme kama mawili. Hatusemi kwamba mmoja alijifunza kwa mwenziwe. Twasema tu kwamba masikio yetu yalikuwa tayari.

Lakini sahani hula nyimbo. Watu wakinunua sita, wataka sita nyingine, na Peer alitaka nyimbo ambazo hazijaandikwa kwa jina la mwingine, kwa maana fedha yake ilitoka katika haki za nyimbo. Basi A.P. akawa mwindaji. Alizunguka milimani majuma mazima, akibisha hodi kwa wazee na wajane, akiuliza: Mwakumbuka wimbo gani? Maneno aliweza kuyaandika. Sauti ya wimbo ndiyo iliyomshinda kuichukua mpaka nyumbani.

Hapo ndipo twakutana na mtu ambaye jina lake halikuandikwa katika sahani yoyote ya jamaa ile. Lesley Riddle alikuwa mtu mweusi wa Kingsport, Tennessee, mpiga gitaa. Alikuwa amepoteza mguu katika kiwanda cha saruji. A.P. alimfahamu karibu na mwaka 1928, wakaanza kusafiri pamoja: mzungu akaandika maneno, na mweusi akaweka sauti ya wimbo kichwani, asiisahau. Siku zile sheria za majimbo ya kusini ziliwatenga watu weusi na weupe shuleni, garini, hotelini. Riddle alikaa nyumbani kwa Carter mara nyingi, hata majuma kadhaa, na Maybelle alijifunza mengi kwa kutazama vidole vyake. Nyimbo ziliandikwa kwa jina la A.P. Carter. Riddle hakuandikwa, wala hakupata sehemu katika mauzo. Ilipofika miaka ya 1960, mkusanyaji mmoja wa nyimbo, Mike Seeger, alimtafuta akamwomba aimbe mbele ya mashine, na mwaka 1993, Riddle akiwa amekwisha kufa, nyimbo zake zilitolewa kwa jina lake mwenyewe. Watu wakimsifu A.P. kwa kuokoa nyimbo za milima, na kweli aliziokoa, ni haki waseme pia kwamba kulikuwa na kichwa cha pili kilichozibeba.

Safari hizo ndizo zilizovunja nyumba. Mume aliyepotea majuma mawili akitafuta wimbo aliacha nyuma mke na watoto watatu, kuni za kukata, ng'ombe wa kukamua. Sara hakupenda utukufu. Aliimba vizuri kama mtu apikaye vizuri, bila kutaka kushangiliwa. A.P. alimwomba binamu yake, Coy Bayes, amsaidie mkewe kwa gari wakati yeye hayupo. Msomaji amekwisha ona jambo linakoelekea. Sara na Coy wakapendana. Wazazi wa Coy walipojua walihama pamoja naye, wakaenda mpaka California, upande mwingine wa nchi, na mwaka 1933 Sara naye akaondoka katika nyumba ya A.P. akarudi kwa watu wake ng'ambo ya mlima.

Hapo kila mtu angesema: nyimbo zimekwisha. Hazikwisha. Mke wake Peer alimwandikia Sara, akamsihi arudi kuimba, si kwa mumewe bali kazini. Sara alikubali. Tangu hapo walifanya jambo ambalo si rahisi kulieleza: waliishi mbalimbali, wakakutana kufanya mazoezi, wakasafiri, wakasimama watatu mbele ya mikrofoni moja, karibu hata kusikia pumzi ya mwenzio, wakaimba, kisha kila mtu akarudi kwake.

Katika hali hiyo walifika New York mwaka 1935, wakati huo wakifanya kazi na kampuni iitwayo ARC.

Wimbo wa duara haukuwa mpya wote. Mwaka 1907 ulitokea wimbo wa kanisa uliotungwa maneno na mama Mwingereza, Ada Habershon, na sauti yake na Mmarekani Charles Gabriel. Huo nao wauliza juu ya duara, lakini ni wimbo wa ibada, wa kuwaza juu ya wapenzi waliotangulia. Katika wimbo wa akina Carter kumeingia kitu kingine: maziko. Mtoto yuko dirishani, siku ya baridi na mawingu. Aliona gari la maiti likija kumchukua mama. Alimsihi mchukuzi asiendeshe haraka, kwa maana hataki kuuona mwili ule ukienda. Alifuata nyuma, akajaribu kujikaza, akashindwa. Akarudi nyumbani akakuta ndugu zake wanalia, na nyumba imekuwa tupu. Basi. Hakuna zaidi ya hayo. Sara aimba beti peke yake, na wale wawili waingia katika kiitikio.

Twaomba wasomaji watazame neno moja dogo katika jina la wimbo. Wimbo wa kanisa wasema Will: Je, duara litakuwa zima? Sahani ya mwaka 1935 yasema Can: Je, laweza kuwa zima? Wengine watasema ni mtelezo wa ulimi tu, watu wa milimani hawakujali tofauti hizo, na pengine ndivyo. Lakini sisi twaona ni maulizo mawili. Anayeuliza la kwanza ni kama mtu asimamaye mlangoni akingoja wageni: watakuja, hawaji? Anayeuliza la pili ameshika chungu kilichopasuka, akitazama kama kitaweza kuchukua maji tena. Jamaa iliyoimba ilikuwa na chungu hicho mkononi. Mwanamke aliyekuwa na sauti ya kwanza alikuwa amefiwa na mama kabla hajakua. Mwanamume aliyeitikia pembeni alikuwa ameachwa na mwanamke huyo, na mwaka 1936 hukumu ya talaka ilitolewa. Katikati yao Maybelle, shemeji wa mmoja na binamu wa mwingine, akipiga gitaa sawasawa bila kuharakisha, kwa maana mtu mmoja lazima ashike mwendo.

Kuna watu watakaosema: huo ni unafiki. Wanaimba juu ya jamaa isiyovunjika, nao wamekwisha achana! Neno hilo tumelisikia, na hatukulisikia juu ya Wamarekani.

Sisi tunaoandika tulizaliwa sita kwa mama mmoja. Alipokufa, tulikuwa wanne tuliobaki, na wawili wetu hawakusemezana. Sababu ilikuwa kiwanja, kama kawaida. Mmoja ni yaya wetu wa kwanza, naye huimba sauti ya nne. Wa pili ni kaka anayemfuata, naye huimba ya tatu. Mama alitufundisha sote kuimba hivyo jikoni, kila mtu na sauti yake, akigonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Usiku wa matanga kwaya ilikuja, lakini ilikuwa usiku wa mvua, wakafika wachache, na katika wachache hao hakuna hata mmoja wa sauti ya nne. Basi yaya akasimama. Kidogo yule mwingine akasimama naye, kwa sababu sauti ya tatu pasipo ya nne huyumba, na ya nne pasipo ya tatu hunguruma bure. Waliimba mpaka jogoo. Hawakutazamana. Katika zile nyimbo ndefu, mmoja alipokatika pumzi mwenzake alishikilia mpaka arudi, wala hawakuwa wamepatana juu ya jambo hilo. Asubuhi tulizika. Jioni kila mmoja akashika njia yake bila kuagana.

Mama mkubwa mmoja, mwenye ulimi mkali lakini mwenye moyo, alituambia: “Mmemwimbia mama yenu uongo. Mnaimba kama watu wa tumbo moja, na kumbe hata chumvi hamwombani.” Tulimwambia: “Mama, shikamoo yako tunaishika, lakini hatujaimba kwamba tumepatana. Tumeimba kwa sababu mama yupo pale.” Alinyamaza, akafunga kitambaa chake upya, akasema haya.

Kiwanja kile hakijagawanywa mpaka leo. Yaya na kaka husalimiana sasa, ile salamu fupi ya watu wapitanao njiani. Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba wimbo uliwapatanisha. Wimbo si hakimu wala si padri. Lakini usiku ule tulisikia jambo ambalo hatukulisikia tena tangu hapo, yaani nyumba yetu ikitoa sauti moja, na anayetaka kutuambia kwamba sauti ile ilikuwa ya uongo, itambidi aeleze ilitoka wapi.

Ndiyo sababu sahani ya akina Carter yatugusa zaidi tukijua habari zao. Kama wangekuwa jamaa nzima, yenye furaha, wimbo ungekuwa wa kujisifu kidogo: tazameni duara letu! Wao hawakuwa na cha kujisifia. Waliimba kama waulizao. Tena waliuliza kwa utaratibu, kila mmoja mahali pake, mwanamke hakulia katika mikrofoni, mwanamume hakupaza sauti kumlaumu. Mtu asiyejua habari akisikiliza sahani ile hawezi kutambua ni yupi aliyeachwa. Sisi tumesikiliza mara nyingi tukitafuta, na hatukutambua.

Mwaka 1938 walianza kuimba katika redio yenye nguvu nyingi, XERA, ambayo minara yake ilikuwa ng'ambo ya mpaka wa Mexico, mbele ya mji wa Del Rio, ili sheria za Marekani juu ya nguvu za redio zisiifikie. Usiku sauti yake ilifika karibu nchi nzima. Yasemwa kwamba huko Sara alimtumia Coy wimbo kwa njia ya hewa, I'm Thinking Tonight of My Blue Eyes, akimtaja kwa jina, na Coy, aliye California maili nyingi mbali, akausikia. Iwe ilikuwa hivyo hasa au watu wameipamba, jambo la hakika ni kwamba mwezi wa Februari 1939 Sara na Coy waliona na kuoana. A.P. aliendelea kuimba nao. Tena katika redio ile walikuwa wameanza kuingia watoto: Janette, binti wa A.P. na Sara, na binti za Maybelle.

Sahani zao za mwisho kama watatu waliziimba mwaka 1941, na mwaka 1943 kundi likafumuka. Nyimbo walizoziacha ni zaidi ya 250. Sara alikwenda kukaa California na mumewe. Maybelle aliendelea na binti zake watatu, Helen, June na Anita, mpaka Nashville, na June ndiye aliyeolewa na Johnny Cash mwaka 1968. A.P. alirudi Maces Spring akafungua duka dogo. Hakuoa tena.

Wengine wakifika hapa wangesema hadithi imekwisha. Lakini mnamo mwaka 1952 Sara alirudi toka California, wakaimba tena sahani na A.P., pamoja na watoto wao Joe na Janette, kwa kampuni ndogo iitwayo Acme. Sauti zilikuwa zimezeeka, na ulimwengu wa muziki ulikuwa umekwisha tazama kwingine. Wataalamu hawazisifu sana sahani hizo. Sisi twazithamini. Watu wawili walioachana miaka kumi na sita, mwanamke ana mume mwingine, wasimama na watoto wao kati yao, waanza tena. Hakuna aliyewalazimisha, wala fedha haikuwa nyingi.

A.P. alikufa tarehe 7 Novemba 1960, kabla hajaona jinsi vijana wa mijini walivyozigeukia nyimbo zake. Mwaka 1970 jamaa ya Carter waliandikwa katika nyumba ya heshima ya muziki wa kantri huko Nashville. Mwaka 1971 vijana wenye nywele ndefu toka California, waitwao Nitty Gritty Dirt Band, walikwenda Nashville kumwomba Maybelle na wazee wengine waimbe nao, na mwaka 1972 wakatoa sahani tatu katika jalada moja, wakaziita kwa jina la wimbo wa duara. Wazee na vijana wale siku zile hawakuelewana kwa mambo mengi, hasa vita vya Vietnam. Waliimba.

Maybelle alikufa mwezi wa Oktoba 1978, na Sara mwezi wa Januari 1979, miezi isiyozidi mitatu kati yao. Kabla ya hapo, mwaka 1974, Janette alikuwa amefungua mlango wa duka la baba yake akaanza kuweka jioni za muziki, kwa sababu alimwahidi baba yake kwamba nyimbo hazitakufa. Na mwaka 1976, Joe akiwa fundi, ukajengwa ukumbi kando yake. Joe ndiye yule mtoto wa kunyonya aliyepelekwa Bristol mwaka 1927. Alikufa mwaka 2005, dada yake mwaka 2006, lakini ukumbi ungaliko.

Karibu na ukumbi huo liko kanisa dogo la Mount Vernon la Wamethodisti, na makaburi yake. Maybelle hayumo, alizikwa Tennessee pamoja na watu wa nyumba yake. A.P. yumo, na juu ya jiwe lake imechongwa sahani ya santuri. Sara alikaa California karibu miaka arobaini, mume wake wa pili akiwa kule, nyumba yake ikiwa kule. Alipokufa walimrudisha bondeni. Kaburi lake li katika uwanja ule ule. Si ubavuni mwa A.P., kuna mawe ya watu wengine katikati. Jiwe lake nalo lina sahani ya santuri.